Redio ya Bethel na rai ya Mmarekani

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Julai 2025, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha, kwa kura 216 dhidi ya 213, sheria ya kurejesha hazina takriban dola bilioni 9 ambazo Kongresi ilikuwa imekwisha kuziidhinisha. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa misaada kwa nchi za nje, lakini ndani yake mlikuwamo dola bilioni 1.1 za Shirika la Utangazaji wa Umma, CPB, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Rais Donald Trump aliisaini sheria hiyo tarehe 24 Julai. Wiki moja baadaye shirika likatangaza kwamba linaanza kufunga shughuli zake, na Januari 2026 bodi yake ikapiga kura ya kulivunja kabisa. Tangu hapo mabishano yamezunguka swali moja, nalo ni kama redio ya NPR na televisheni ya PBS zinaegemea mrengo wa kushoto au la. Wanaoshangilia wanasema kinywa cha wapinzani wao kimezibwa. Wanaosikitika wanasema ukweli umepoteza mtetezi. Naamini pande zote mbili zimeukosea mkasa huu, kwa sababu zote zinadhani nguvu ya chombo cha habari ni kumpa raia maoni. Ushahidi uliokusanywa Marekani kwa zaidi ya miaka themanini unaonyesha kwamba nguvu yake kubwa ni kuamua raia aone nini na aseme juu ya nini, na kwamba chombo cha karibu naye kikinyamaza, pengo lake hujazwa na ugomvi wa Washington.

Kwetu sisi wasomaji wa Kiswahili kuna jambo la kuliweka sawa kwanza, maana mikasa miwili imechanganywa. Mwezi Machi wa mwaka huo huo wa 2025, wafanyakazi wa Sauti ya Amerika walipewa likizo ya lazima kufuatia amri ya rais, na watu wengi wa Afrika Mashariki waliokua na idhaa yake ya Kiswahili, nami nikiwa miongoni mwao, waliudhani uamuzi wa Julai kuwa mwendelezo wa ule wa Machi. Sauti ya Amerika ni chombo cha serikali kilichoanza mwaka 1942 kwa ajili ya wasikilizaji walio nje ya Marekani, na Mmarekani wa Ohio au Alaska hakuitegemea kwa habari za kwao. CPB haikuwa na idhaa wala studio. Kazi yake ilikuwa kupokea fedha za Kongresi na kuzigawa, na kwa mujibu wa taratibu zake zaidi ya asilimia 70 ya fedha hizo zilikwenda moja kwa moja kwenye vituo vya redio na televisheni vipatavyo 1,500 vilivyotapakaa nchi nzima. NPR yenyewe ilipata kutoka huko takriban asilimia 1 tu ya bajeti yake kwa njia ya moja kwa moja, ingawa ni haki kukiri kwamba vituo vilivyopewa ruzuku vilitumia sehemu yake kununua vipindi vya NPR. Kwa hiyo shoka lililoelekezwa kwa NPR liliangukia kwanza mahali pengine.

Mahali hapo pana majina. Bethel ni mji mdogo ulio kando ya mto Kuskokwim, magharibi mwa Alaska, usiounganishwa na sehemu nyingine za jimbo kwa barabara. Anayekwenda huko hupanda ndege, au husafiri mtoni kwa mashua wakati wa kiangazi na juu ya barafu wakati wa baridi. Redio yake, KYUK, ilianza mwaka 1971 na hutangaza kwa Kiingereza na kwa lugha ya Wayup'ik, wenyeji wa eneo hilo. Zaidi ya nusu ya mapato yake yalikuwa yakitoka CPB. Tarehe 16 Julai 2025, Seneti ikiwa katikati ya mjadala wa kuzifuta fedha hizo, tetemeko la ukubwa wa 7.3 lilipiga karibu na mji wa Sand Point katika pwani ya Alaska, na onyo la tsunami likatolewa. Seneta Lisa Murkowski wa jimbo hilo aliwakumbusha wenzake kwamba redio za umma ndizo zilizokuwa zikiwafikishia watu onyo hilo saa ile ile. Yeye na Susan Collins wa Maine ndio Warepublican wawili pekee katika Seneti walioipinga sheria, nayo ikapita kwa kura 51 dhidi ya 48. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na maseneta wengi walioipitisha wanatoka katika majimbo ambako gazeti, televisheni na simu havijawahi kukosekana kwa wakati mmoja.

Ili kuelewa jinsi hasara hii inavyogusa rai ya umma, inabidi turudi nyuma hadi mwaka 1940. Mwaka huo, Franklin Roosevelt akichuana na Wendell Willkie, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia wakiongozwa na Paul Lazarsfeld walikwenda kaunti ya Erie katika jimbo la Ohio, wakawafuatilia watu wapatao 600, wakiwahoji wale wale mwezi hadi mwezi kuanzia Mei hadi Novemba. Walitarajia kuiona redio ikiwageuza watu. Waliowaona wakigeuka walikuwa wachache mno. Wengi waliimarishwa katika upande waliokuwa nao tangu mwanzo, na wale waliobadilika mara nyingi walitaja mtu, yaani jirani, mfanyakazi mwenzao au ndugu ambaye wao wanaamini anaijua siasa. Habari ilipita kwanza kwa watu hao wachache wanaofuatilia, kisha ikawafikia wengine ikiwa na uzito wa mtu anayeaminika. Mwaka 1968, Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill, North Carolina, ambao walikuwa bado hawajaamua, wakalinganisha masuala waliyoyaona kuwa makubwa na yale yaliyopewa nafasi kubwa na vyombo vya habari walivyovitumia. Orodha mbili hizo zilikaribia kufanana kabisa. Vyombo vya habari havikuwa vimewaambia wamchague nani. Vilikuwa vimewaandalia meza na kuamua chakula gani kiwekwe juu yake. Na mwaka 2018 Joshua Kalla na David Broockman walikusanya majaribio 49 yaliyofanywa katikati ya wapiga kura halisi, wakakadiria kwamba wastani wa uwezo wa matangazo na ziara za kampeni wa kumbadilisha mpiga kura katika uchaguzi mkuu ni sifuri.

Mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: kama ni hivyo, Fox News, televisheni ya kebo inayoegemea Warepublican, je? Ushahidi uliopo hauniruhusu kulipita swali hili. Kituo hicho kilianza Oktoba 1996, na kwa kuwa kampuni za kebo hazikukipokea zote kwa wakati mmoja, Stefano DellaVigna na Ethan Kaplan waliweza kulinganisha miji iliyokipata kabla ya uchaguzi wa 2000 na ile ambayo haikukipata. Walikuta kwamba kilipoingia, kura za Warepublican ziliongezeka kwa kati ya asilimia 0.4 na 0.7. Ni kiasi kidogo kama ukitazama taifa zima, lakini mwaka huo George W. Bush alipata urais kwa tofauti ya kura 537 katika Florida. Kwa hiyo anayesema vyombo vya habari havina athari anakosea, sawa na anayesema vina athari ya kichawi. Kinachonivutia zaidi ni jaribio la Septemba 2020, ambapo Broockman na Kalla waliwalipa watazamaji wa kudumu wa Fox dola 15 kwa saa ili watazame CNN kwa muda wa mwezi mmoja. Watazamaji hao hawakugeuka kuwa Wademokrat. Walipata taarifa ambazo hawakuwa nazo, hasa juu ya janga la korona na upigaji kura kwa njia ya posta, na baadhi yao wakaanza kukubali kwamba kituo chao kisingetangaza kosa la Trump hata kama lingetokea. Malipo yalipokwisha, wengi walirudi Fox, na miezi michache baadaye sehemu kubwa ya mabadiliko yao ilikuwa imeyeyuka. Tofauti kati ya chaneli mbili hizo ilikuwa hasa katika kile ambacho kila moja iliamua kutokionyesha.

Sasa chukua kanuni hiyo ya kutoonyeshwa uipeleke kwenye mji ambao hauna gazeti tena. Tangu mwaka 2005 Marekani imepoteza zaidi ya magazeti 3,000, mengi yakiwa ya kila wiki, yaliyokuwa yakiandika habari za bodi ya shule, bei ya maji na kesi za mahakama ya kaunti. Wasomaji wake hawakuacha kufuatilia siasa. Walihamia kwenye siasa iliyobaki hewani, nayo ni ya kitaifa, yenye pande mbili na hasira nyingi. Joshua Darr, Matthew Hitt na Johanna Dunaway walionyesha kwamba pale gazeti lilipofungwa, idadi ya watu waliompa kura rais wa chama kimoja na seneta wa chama kingine ilipungua kwa karibu asilimia 2 ikilinganishwa na maeneo yanayofanana nayo. Watafiti hao hao walipata bahati nyingine mwezi Julai 2019, wakati gazeti la Desert Sun la Palm Springs, California, lilipoamua kuondoa siasa za kitaifa katika ukurasa wake wa maoni kwa mwezi mzima, likawaachia wasomaji nafasi ya kuandika juu ya barabara, majengo na utamaduni wa mji wao. Walipowalinganisha na wasomaji wa gazeti la Ventura, ambalo halikubadilisha kitu, waliona kwamba uadui wa vyama ulikua polepole zaidi Palm Springs. Hakuna aliyehubiriwa apendane na mwenzake. Yalibadilishwa tu mambo yaliyoletwa mezani.

Katika uchaguzi wa 2016, kila jimbo lililochagua seneta lilimpa kiti mtu wa chama kile kile kilichoshinda urais katika jimbo hilo, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea tangu maseneta waanze kuchaguliwa na wananchi. Mwaka 2020 ni Maine pekee iliyotoka kwenye mstari huo. Naweza kupingwa kwa mfano wa 2024, ambapo Arizona, Michigan, Nevada na Wisconsin zilimpa Trump kura za urais na kumpa Mdemokrat kiti cha Seneti, nami nakiri kwamba mfano huo unaonyesha mazoea ya kumtazama mgombea kwa sura yake hayajafa. Hata hivyo, katika majimbo yote manne wagombea waliachana kwa kura chache, na mgawanyiko ulitokana na kundi dogo la wapiga kura. Miongo mitano iliyopita jambo hilo lilikuwa la kawaida kiasi kwamba hakuna aliyelihesabu.

Hoja za waliofuta fedha hizi zinastahili kusikilizwa kwa makini, na si zote ni dhaifu. Iliyo na nguvu kuliko zote inahusu dhamiri, kwamba mlipakodi hapaswi kulazimishwa kugharimia uandishi ambao anaamini unamdharau. Uri Berliner, mhariri aliyefanya kazi NPR kwa miaka 25, aliandika Aprili 2024 kwamba chumba chake cha habari kimepoteza utofauti wa mawazo. Alisimamishwa kwa siku tano bila malipo, kisha akajiuzulu. Wenzake walimpinga, lakini mtu anayesikiliza vipindi vya taasisi hiyo kwa muda mrefu anajua kwamba malalamiko hayo hayakuzuka hewani, na viongozi wake waliyajibu kwa kiburi kuliko kwa kujichunguza. Hoja ya pili, kwamba fedha za serikali humfanya mwandishi amwogope anayezitoa, nayo ni ya kweli na historia yetu sote inaishuhudia. Ningekuwa mbunge ningezipa hoja hizi mbili uzito. Ningeuliza pia kwa nini dawa yake ilikuwa kuiacha NPR, yenye wafadhili wakubwa na wasikilizaji wenye uwezo katika miji mikubwa, ikiendelea na maisha yake, na kuipokonya Bethel zaidi ya nusu ya riziki yake. Kongresi ingeweza kuweka sharti kwamba ruzuku itumike kwa habari za mahali pale tu. Haikufanya hivyo, kwa sababu mabishano yenyewe yalikuwa yamekwisha kugeuzwa kuwa ya kitaifa.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo iliyorudiwa zaidi, ile isemayo kwamba mwaka 1967 watu walikuwa na chaneli tatu na leo wana intaneti, kwa hiyo ruzuku imepitwa na wakati. Inachanganya wingi wa njia na wingi wa habari. Intaneti ni barabara, haizalishi mahindi. Mtu lazima aketi katika kikao cha halmashauri saa tatu za usiku, asome mkataba, ampigie simu meneja wa mji, na alipwe kwa kufanya hivyo. Mji wa Bell, katika kaunti ya Los Angeles, uko katikati ya mojawapo ya maeneo yaliyounganishwa vizuri zaidi duniani kwa simu na intaneti. Wakazi wake wapatao 37,000, wengi wao wakiwa watu wa kipato cha chini, walikaa miaka mingi bila kujua kwamba meneja wao, Robert Rizzo, anajilipa mshahara unaokaribia dola 800,000 kwa mwaka, mara mbili ya mshahara wa rais wa nchi. Nyaraka zilikuwapo. Aliyekosekana ni mwandishi wa kuziomba, hadi waandishi wawili wa Los Angeles Times walipofika mwaka 2010 wakifuatilia jambo jingine. Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2014. Na pale ambapo intaneti imejaza pengo, imelijaza kwa namna ya kutia hofu, kwa kuwa kuna tovuti zaidi ya elfu moja zenye majina yanayofanana na ya magazeti ya miji midogo, zinazoendeshwa na watu wenye malengo ya kisiasa na kujazwa habari zinazotengenezwa na mashine. Televisheni za mitaa nazo hazikunusurika. Mwaka 2018 watangazaji wa vituo vya kampuni ya Sinclair, kutoka pwani moja ya nchi hadi nyingine, walisoma tamko moja lililoandikwa makao makuu, neno kwa neno, kwa nyuso ambazo watazamaji wao walizizoea na kuziamini kama za majirani. Hapo ndipo somo la Erie linapogeuka kuwa hatari, kwa sababu anayeaminiwa kama jirani anasema maneno ya mtu wa mbali.

Walio upande wa pili nao wana kosa lao, na limekuwa kubwa tangu Novemba 2024. Walieleza kushindwa kwa Kamala Harris kwa mazungumzo ya karibu saa tatu ambayo Trump aliyafanya na mtangazaji wa podikasti Joe Rogan siku chache kabla ya uchaguzi, wakahitimisha kwamba wanahitaji podikasti yao wenyewe. Marekani imezoea hekaya za namna hii. Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba mwaka 1960 waliosikiliza mdahalo wa kwanza wa Kennedy na Nixon redioni walimpa Nixon ushindi, na walioutazama wakampa Kennedy. Msingi wa simulizi hiyo ni kura ya maoni moja iliyokuwa na wasikilizaji wa redio wachache, ambao hakuna aliyechunguza kama tangu mwanzo hawakuwa upande wa Nixon. Mfumuko wa bei uliofikia asilimia 9.1 mwezi Juni 2022 haukuhitaji podikasti ili uonekane kwenye risiti ya duka. Chama kinachoamini kwamba kimekosa kipaza sauti tu hakitauliza kwa nini katika mamia ya kaunti hakuna tena mtu wa kukifahamu zaidi ya jina lake.

Athari ya kukosekana kwa habari za mitaa kwa wanasiasa wenyewe haijazungumzwa vya kutosha. Mbunge anayetoka mahali pasipo na mwandishi hana faida ya kutafuta daraja au zahanati, kwa kuwa hakuna atakayeandika kwamba amelipata. Faida yake iko katika sentensi ya hasira itakayosambaa nchi nzima na kumletea michango kutoka majimbo asiyoyawakilisha. Kinyume chake kinaonekana Alaska kwenyewe. Mwaka 2010 Lisa Murkowski alishindwa katika kura za mchujo za chama chake, jina lake likakosekana kwenye karatasi ya kupigia kura, akashinda kwa wananchi kuliandika kwa mikono yao, seneta wa kwanza kufanikiwa hivyo tangu mwaka 1954. Kampeni yake ilitumia matangazo kuwafundisha watu tahajia ya jina hilo gumu, na vijiji vya wenyeji vilivyo mbali na barabara vilimpa kura nyingi. Hilo linawezekana mahali ambapo mpiga kura anamjua mtu, matendo yake na jina lake, bila kuhitaji herufi ya chama pembeni mwake.

Mwenzake katika Seneti, Dan Sullivan, aliipigia kura ya ndiyo sheria ya Julai 2025. Mwezi Oktoba mabaki ya kimbunga Halong yalizipiga jamii za pwani ya Yukon-Kuskokwim. Nyumba zilielea katika vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok, na mamia ya watu wakahamishwa kwa ndege. Kiti cha Sullivan kinagombewa Novemba 2026. Wapiga kura wa eneo hilo wana maswali mahususi ya kumuuliza juu ya kura ile, juu ya kuta za kuzuia bahari na juu ya kurudi kwao nyumbani, na redio ambayo tangu 1971 imekuwa ikiyapeleka maswali yao kwa lugha zao mbili itamkaribisha studioni ikiwa imepoteza zaidi ya nusu ya mapato iliyokuwa nayo alipochaguliwa mara ya mwisho.